Ngazi Mbili za Kaburi la Baba

Lubumbashi, Bel-Air, tarehe 2 Juni 2024

Yaya Mardochée,

Kuna kitu sijamwambia mtu yeyote, hata padri kwenye kitubio. Wewe, kaka yangu, ndiwe wa kwanza. Hakuna kigae, hakuna carreau hata moja iliyoibwa kwenye kaburi la baba. Ni mimi nilihesabu vibaya.

Nimeandika. Sasa ukitaka kupasua hii karatasi, pasua, lakini soma kwanza.

Unakumbuka ile siku ya mwezi wa tatu ulipoingia jikoni na mita yako, suruali imejaa simenti, ukaniambia, "Mama Prof, kuya utusaidie"? Ukageuza calendrier ya parokia, ukachora kaburi kwa nyuma: mabloc matatu ya béton, yaani zege, moja juu ya lingine, la juu dogo kuliko la chini, kama ngazi. Vipimo ulinipa kwa carreaux, siyo kwa santimita. Bloc la chini: urefu 12, upana 6, kimo 2. La katikati: 10, 4, kimo 1. La juu: 8, 2, kimo 1. Halafu ukasema, "Pa chini hatuwekake carreau, mudogo. Hakuna mutu atalala pale aangalie." Nilicheka, na Mama akatugombeza kwamba tunachezea kifo.

Nilifanya hivi. Pande zote za kusimama: 72, 28 na 20. Migongo ya mabloc, yaani sehemu za juu: 72, 40 na 16. Matumbo, yaani sehemu za chini, niliyaacha vile ulivyonifundisha. Yote pamoja 248. Ikabaki kutoa mahali ambapo bloc moja linakalia lingine, maana carreau ya pale ingefunikwa. Hapo nikasikia sauti ya Prof wetu wa math: « La face commune, on la retranche deux fois. » Upande wa pamoja unatolewa mara mbili. Na Prof ana haki, kwa sababu kwake mtu anahesabu kwanza mgongo wa bloc la chini na tumbo la bloc la juu, halafu anavitoa vyote viwili. Lakini mimi matumbo nilikuwa nimeshayatupa. Nilitii shule, nilitii na chantier yako ya ujenzi, siku moja, kwenye karatasi moja. Ilibidi nitoe 56, nikatoa 112. Nikapata 136, nikaongeza 10 za kuvunjika, nikaandika 146 kwa bic nyekundu na kuipigia mistari miwili chini. Bila hata hizo za kuvunjika, kaburi lilitaka 192.

Hizo 56 ndizo zile ngazi mbili zilizobaki na béton ya kijivu, pale mtu angekanyaga kama angepanda juu ya baba.

Nimegundua Jumanne iliyopita, Prof aliporudia somo. Nilikaa kwenye banc yangu, nikahesabu upya. Nikaona tena siku ya kutosha kilio, ya kumaliza matanga, tarehe 11 Mei, watu wote wamevaa vitambaa vipya, na Baba mukubwa Pierre amefika kutoka Likasi na mwanaye Jean-Claude. Aliona zile ngazi uchi kati ya carreaux za bluu, akavua kofia. "Nilinunua cent quarante-six," akasema, ile 146 yangu. "Keren ndiye alihesabu, na Keren hakoseake. Zingine ziko wapi?" Halafu akakumbuka zile carreaux sita za bluu kwenye mlango wa jiko la mama ya Christiane, mchumba wako. Akapaza sauti mbele ya padri: "Umemuvua baba yako nguo, umeenda kumuvalisha mukwe!" Akachukua ndoo ya maji mkononi mwako. Kwetu ni mwana wa kwanza anaosha kaburi kabla halijabarikiwa, hata mtoto mdogo anajua. Akampa Jean-Claude.

Siku tatu baadaye ulikuwa umeshaondoka, na simu yako haipiti tena. Ni Mama Mwelwa, yule anayeleta samaki wa kukauka, ndiye aliniambia alikuona Pweto unajenga dépôt ya mizigo. Amekubali kubeba barua.

Niambie nifanye nini. Naomba unisamehe.

Mudogo wako,
Keren

•

Pweto, tarehe 14 Juni 2024

Keren,

Barua yako ilifika ndani ya mfuko wa chumvi. Mama Mwelwa anasema huko ndiko polisi wa barrière ya njiani hawaingizake mikono.

Umeandika vizuri. Hesabu nimeifuata mpaka mwisho, na mimi niliachia shule kwa troisième, mwaka wa tatu. Iko kitu kimoja tu sijakiona. Hiyo Jumanne.

Jumanne ya wapi, mudogo?

Ile siku ya makaburi ulisimama nyuma ya Mama. Baba mukubwa alipoanza makelele, bantu bote baliangalia mimi. Padri aliangalia mimi. Na Christiane, masikini, aliangalia mimi. Weye peke yako uliangalia kaburi. Midomo yako ilikuwa inatembea. Ulianza kwenye bloc ya chini, ukapanda, ukarudi, na pale ulipofika mwisho ukafunga mdomo. Nilikuona. Nimekujua tangu ulipokuwa unahesabu magurudumu ya treni ukiwa mgongoni mwangu, unafikiri sitakujua unapohesabu?

Ulijua siku ile ile. Usiniletee Jumanne.

Na mimi sasa nikuambie yangu. Nilijua mbele yako, kabla ya ile siku. Nilifungua macarton, nikaangalia mabloc yangu, na jicho likaniambia hazitoshi. Maçon, fundi wa kujenga, hahitaji Prof kwa ile. Nilienda dukani na feza yangu kutafuta zingine, bluu ile ilikuwa imeisha. Nikapigia Baba mukubwa simu, nikamwambia pengine hesabu haikukaa sawa. Unajua alinijibu nini? "Kama Keren amekosea, basi masomo ninayomulipia iko bule. Mwaka unaokuya akae nyumbani, auzishe makala ya kupikia pamoja na mama yake." Nikakata simu. Nikabandika pande kwanza, maana pande ndizo zinaonekana mbali. Carreaux nane zilivunjika njiani, mbili nikakata mubaya. Zilizobaki zikafika kwenye mgongo wa bloc ya juu, zikaisha.

Sasa usianze kulia na kusema, yaya alinibeba. Sikukubeba. Nilikungojea.

Nilisimama pale na mikono mitupu, Jean-Claude anamwaga maji juu ya baba yangu kama anaosha pikipiki, na nilikuwa nangoja neno moja kwako. "Nilikosea." Basi. Ungesema hivyo, ningegombana na Baba mukubwa juu ya masomo yako mpaka apande bus yake arudi Likasi. Ningefanya hivyo na furaha. Lakini ulinyamaza, na nilipoona umenyamaza, na mimi nikashindwa kusema, maana nilisikia haya kubwa ya kukutaja kuliko weye ulivyosikia haya ya kuniacha.

Hapa Pweto banalipa kidogo na ziwa ina upepo. Hakuna mutu ananiuliza mimi ni mwana wa nani.

Unaniuliza ufanye nini. Si ni weye uko ku Scientifique, darasa la benye hesabu?

Mardochée

•

Lubumbashi, Bel-Air, tarehe 23 Juni 2024

Yaya,

Hakukuwa na Jumanne. Prof hakurudia somo lolote. Niliitunga kwa sababu hata kwenye barua ya kutubu nilitaka nionekane safi kidogo.

Nilijua pale pale, kama ulivyosema. Nilipofika kwenye ile ngazi ya kwanza nikaona carreaux 32 zinakosekana, na kwenye ya pili 24, na 56 ikaja yenyewe, nikajua imetoka wapi. Baba mukubwa alikuwa bado hajamaliza maneno yake. Nilikuwa na nafasi ya kutosha. Wimbo mzima uliimbwa kabla ya maji.

Unajua sauti yangu ilivyo. Shuleni wananiita kwenye tableau kwa sababu chaki haiombi sauti. Ningeweza kukuambia ni woga, na ungenisamehe, kwa sababu wewe umenisamehe woga tangu zamani. Lakini nimechoka kukupa nusu.

Iko hivi. Baba mukubwa aliposema mbele ya watu wote "Keren hakoseake", nilifurahi. Ndani ya ile aibu yako, Yaya, ndani kabisa, kulikuwa na kitu changu kidogo cha moto na cha utamu. Mashangazi waligeuka kuniangalia. Mmoja akamtaja baba, akasema, "Mutoto wa Léonard huyu, ana kichwa!" Hawajawahi kugeuka kuniangalia. Nilifikiri, ngoja kwanza. Dakika moja tu. Na ile dakika imefanya wiki sita.

Na kuna kingine. Ile calendrier ya parokia, yenye mchoro wako na vipimo vyako, na hesabu yangu pembeni. Tuliporudi kutoka makaburini watu walikuwa wengi, sufuria ya bukari, ugali wetu, ilikuwa kubwa na makala, yaani makaa, yalikuwa na unyevu. Mama akaniambia, "Tafuta karatasi, washa." Yalikuwepo magazeti. Nilichukua calendrier. Baba mukubwa alikula ile bukari, Mama alikula, Jean-Claude aliomba aongezewe. Na mimi nilikula.

Sasa hakuna karatasi inayosema wewe ni mtu wa kweli. Liko kaburi peke yake.

Alhamisi nilimwambia Mama. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nilisimama mlangoni, nikasema yote kwa haraka, kwa sauti ile yangu, na mchi haukusimama hata mara moja. Nilifikiri hakusikia, nikaanza tena. Akasema, "Nimesikia. Nyamaza."

"Mama, hakuiba."

"Najua hakuiba. Nilimuzaa mimi."

"Basi tumwambie Baba mukubwa."

Hapo akaweka mchi chini. "Sikia, Keren. Nina batoto babili. Mumoja ameshaenda, ana mikono, hatakufa na njaa. Wewe, ukitoka shule, utakuwa na nini? Hiyo sauti yako ya panya? Nyamaza, umalize diplôme. Kisha utamulipa yaya yako."

Yaya, alikuwa analia, lakini kwa sombe inayoruka usoni mtu hawezi kujua vizuri.

Baba mukubwa anakuja Jumamosi tarehe 6 Julai kwa mambo ya plaque, lile jiwe la majina. Familia itakaa. Safari hii nitasema. Mbele yao wote, hata kama Mama atanikanyaga mguu chini ya meza. Nakuahidi.

Keren

•

Pweto, tarehe 29 Juni 2024

Keren,

Usiniahidi. Fanya, ao acha.

Christiane amenitumia ujumbe kwa mdomo wa Mama Mwelwa. Baba yake alichukua marteau, nyundo yake, akang'oa zile carreaux sita za mlango wa jiko, akazipeleka kwetu na kuzitupa kwenye parselle, ku kiwanja chetu. Mama hakukuambia? Nilizipata kwa chantier ya villa moja mwaka uliopita, mwenye nyumba alikuwa anazitupa. Bluu yake hata haifanani. Nilizibandika mwenyewe siku ya kwanza nilipoenda kujionyesha, mama yake akaniletea Fanta na viti viwili, kimoja cha kukalia na kimoja cha kuweka Fanta. Christiane anasema, kama jina langu litasafishwa, baba yake atafungua mlango. Kama hapana, anaomba nisimungojeshe.

Tarehe 10 naenda Kilwa na patron, kuko kazi ya mwaka mzima. Mama Mwelwa atapita hapa mbele ya ile tarehe. Akifika na habari njema, nitapanda camion yake na kurudi. Akifika na barua ya machozi, nitaenda Kilwa, na barua zako zisinifuate.

Sikuandika hivi kukutisha. Niko muchovu tu.

Mardochée

•

Lubumbashi, Bel-Air, tarehe 7 Julai 2024, Jumapili

Yaya Mardochée,

Nilisema.

Nataka ujue hilo kwanza, kabla ya mengine. Jana, sebuleni, watu tisa, Baba mukubwa kwenye kiti cha baba. Nilisimama kabla hawajamaliza sala. Mguu wa Mama ulinifuata lakini nilikuwa mbali. Nikasema, "Baba mukubwa, Yaya hakuiba. Hesabu ilikuwa mbaya. Ni mimi nilikosea." Kwa sauti yangu hii hii. Shangazi mmoja aliuliza, "Anasema nini?" nikarudia kwa nguvu, na mbwa wa jirani akabweka.

Nikafikiri, imekwisha, Yaya atarudi.

Halafu Baba mukubwa akacheka. Siyo kwa ubaya, na hilo ndilo linaniuma. Alicheka kama mtu anayeona mtoto mchanga anatembea. "Muone roho ya huyu mutoto," akasema. "Anataka kubeba zambi ya kaka yake!"

"Avocat, wakili wa mwizi," Jean-Claude akasema. "Maître Keren. Utalipwa na nini, na carreaux?"

Wakacheka wote. Nilikimbia chumbani, nikaleta cahier ya shule, nimeandika upya kila kitu usiku wa juzi: mabloc matatu, pande, migongo, 192. Nikaiweka kwenye mapaja ya Baba mukubwa. Aliiangalia kwa heshima, nikuambie kweli, akapitisha kidole juu ya mistari kama anavyofanya juu ya missel, kitabu cha misa. Akaipitisha kwa shangazi, shangazi akaipitisha kwa Jean-Claude, na Jean-Claude akaitumia kupepea uso. Watu tisa, Yaya, na hakuna aliyejua kama pale nilikosea au nilipata. Mimi nilikuwa nimewaambia miaka yote kwamba hayo ni mambo ya shule.

Nikasema, "Basi twende makaburini sasa hivi, tuhesabu. Mtakuta 136, na zile kumi zilivunjika. Zile alizoleta Baba mukubwa zote zimeonekana."

Baba mukubwa akaacha kucheka. "Kaburi ya ndugu yangu siyo dépôt. Hatuendake kumuhesabu mufu."

"Lakini, Baba mukubwa..."

"Keren. Weye mwenye kichwa. Niambie kitu kimoja, nimefika na carreaux nyeupe tutafunika ile aibu. Zinapunguka ngapi?"

Nilijibu. Nilijibu kwa sababu ameniuliza hesabu, na mtu akiniuliza hesabu mdomo wangu unafunguka wenyewe. "Hamsini na sita."

Akageukia wengine, akafungua mikono. "Munasikia? Mpaka leo tulikuwa hatujui aliiba ngapi. Cinquante-six! Asante, mwanangu."

Kila mtu akarudia ile namba. Shangazi aliiandika kwenye simu. Namba ya kweli ya kwanza niliyotoa kwenye haya mambo yote, na imekuwa namba ya wizi wako. Kufikia leo asubuhi Bel-Air yote inaijua, baba ya Christiane amesimamishwa kanisani na kuambiwa. Mwanzoni walisema "aliiba carreaux". Sasa wanasema "aliiba cinquante-six", na wanaamini zaidi, maana mwongo huwa hana hesabu.

Mama aliniona jikoni baadaye. Nilifikiri atanipiga. Aliniwekea chakula tu, akasema, "Ulitakiwa useme hivyo wakati maji yalikuwa bado ku ndoo." Halafu akasema, "Na mimi pia."

Hii siyo habari njema. Ni barua ya machozi, ile uliyokataa. Naiandika hivyo hivyo, kwa sababu Mama Mwelwa anaondoka kesho saa kumi na moja ya asubuhi na sina kitu kingine cha kumpa.

Lakini kuna jambo moja bado liko mikononi mwangu, na nakuandikia likiwa bado halijaamuliwa.

Plaque. Fundi wa kuchonga anapita kesho kuchukua maandishi. Baba mukubwa ameniomba niandike mimi, kwa sababu nina mwandiko mzuri na yeye miwani yake ameisahau Likasi. Leo baada ya misa alinisomea ya kuandika: jina la baba, miaka, "agent wa chemin de fer", kazi yake ya reli, halafu: "Ameacha mke wake Delphine na binti yake Keren." Nikangoja. Akasema, "Basi, weka point ya mwisho."

Nimekaa na ile karatasi tangu saa nane. Nimeandika: "Ameacha mke wake Delphine, na watoto wake Mardochée na Keren." Lako kwanza, kwa sababu ulizaliwa kwanza. Nimeandika kwa herufi za imprimé, kama za kitabu, kila moja imesimama peke yake, fundi asikosee.

Sasa sikia lililonitesa. Baba mukubwa hawezi kusoma bila miwani. Ataniambia, "Nisomee," na naweza kumsomea ile aliyotaka, jina langu peke yangu, naye ataweka signature chini, na fundi atachonga kile kilichoandikwa. Kwenye jiwe hakuna gomme ya kufutia. Ungekuwa pale milele, na wangejua tu siku ya kuliweka. Ni rahisi. Siku yoyote iliyopita ya maisha yangu ningefanya hivyo na kujiona shujaa.

Lakini itakuwa tena karatasi yangu ambayo mtu anaiamini bila kuiangalia. Nimeona mambo hayo yanapofika. Nitamsomea vile ilivyo. Majina yote mawili. Pengine ataipasua, na Septemba sitakuwa na uniforme, nitakuwa na makala. Pengine atamwita Jean-Claude aandike na mwandiko wake wa kuku. Sijui kama hii inakusafisha hata kidogo. Kwa Christiane nadhani haisaidii kitu. Kwa Kilwa pia najua utaenda, na sitatuma barua huko, vile ulivyotaka.

Nilitaka tu kuwe na mtu mmoja aliyelisema jina lako kwa sauti ndani ya hii nyumba akijua bei yake, na nilitaka niwe mimi, na nimechelewa, na

Anakuja. Ni viatu vya Baba mukubwa, anaburuta mguu wa kushoto, ameshapita mlango wa Mama. Hii naificha ndani ya mfuko wa chumvi wa Mama Mwelwa, uko hapa chini ya kitanda, ikufikie hata mimi nikinyimwa yote. Ile ya plaque siifichi. Nimeiacha mezani, wazi, chini ya taa, na jina lako liko upande wa mlango.

Amegonga. Hajawahi kugonga

K.